Jumla Zikilingana, Usifunge Faili Bado

Mwisho wa mwezi unapofika, mhasibu wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo cha watumishi, huwa na mafaili matatu ya Excel mbele yake: orodha ya makato iliyotoka kwa mwajiri, taarifa ya benki, na daftari la chama lenye akiba, hisa na marejesho ya kila mwanachama. Yote matatu yanapaswa kueleza habari moja. Mazoea ya wengi ni kushuka moja kwa moja hadi chini ya kila faili na kutazama jumla. Zikilingana, mafaili yanafungwa. Zisipolingana, mafaili mawili yanapangwa ubavu kwa ubavu, na kidole kinaanza kushuka kwenye kioo mstari baada ya mstari mpaka macho yaume. Mazoea hayo yana kasoro kotekote. Chukua mwanachama mmoja aliyekatwa shilingi 50,000 mara mbili, na mwenzake aliyepaswa kukatwa 50,000 akasahaulika. Jumla haitikisiki hata kwa shilingi moja. Wa kwanza atakuja kulalamika wiki hiyohiyo. Wa pili atanyamaza, na pengo lake litaonekana siku atakapoomba mkopo na kuambiwa akiba yake haitoshi.

Hoja ya mwongozo huu ni kwamba kulinganisha mafaili ni kazi ya kujua nani ni nani, kabla haijawa kazi ya kujua nani ana kiasi gani. Ukiwa na alama moja ya uhakika inayomtambulisha kila mhusika katika kila faili, fomula yenyewe huchukua dakika chache, na mwezi unaofuata huchukua chache zaidi. Ukiikosa alama hiyo, hakuna fomula wala programu itakayokuokoa. Utapata majibu yaleyale mabaya, ila kwa haraka. Mifano iliyo hapa ni ya SACCOS kwa sababu huko tofauti ya mstari mmoja ni haki ya mtu, lakini mwenye duka lenye matawi manne, mwalimu wa taaluma mwenye matokeo ya mikondo mitano na mtunza stoo wa zahanati watayakuta mambo haya haya kwenye mafaili yao.

Swali lako ni lipi?

Kabla ya kugusa kitu, amua ni aina ipi ya ulinganisho uliyonayo, kwa sababu zipo mbili na watu huzichanganya. Aina ya kwanza ni faili moja lililopita mikononi mwa watu wawili: bajeti iliyotumwa Jumatatu ikarudi Ijumaa ikiwa na jina jipya, nawe unataka kujua nini kimebadilishwa. Hapa mahali pa kila seli pana maana, na kazi hiyo ina zana zake. Excel ina amri ya View Side by Side inayoshusha mafaili mawili kwa pamoja; matoleo ya Office ya maofisini, tangu Professional Plus ya 2013, huja na programu ndogo iitwayo Spreadsheet Compare inayoonyesha seli zilizobadilika na kama kilichobadilika ni tarakimu au fomula; LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, ina amri ya Compare Document. Tumia zana hizo, kazi iishe.

Aina ya pili ni orodha mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana, kwa sababu tofauti, zikidai kuhusu watu walewale. Mwajiri amepanga watumishi kwa idara, benki imepanga miamala kwa tarehe, chama kimepanga wanachama kwa namba ya kujiunga. Mstari wa 40 wa faili moja hauna uhusiano wowote na mstari wa 40 wa faili jingine, kwa hiyo zana za kulinganisha seli kwa seli zitakuonyesha rangi kila mahali na hutaambulia kitu. Makosa mengi ya mwisho wa mwezi yanaishi katika aina hii ya pili, na ndiyo itakayotushughulisha kuanzia hapa.

Kwa aina hiyo, anza kwa kulinda ushahidi. Weka mafaili yote kama yalivyokuja katika folda moja, iite kwa mwezi wake, na usiyafungue kuyasahihisha. Fungua faili jipya la kazi, nakili humo data ya kila upande katika laha yake, na usafishaji wote ufanyie huko, katika safu mpya pembeni ya ile ya asili. Mtu anaweza kusema kuwa kusafisha data ni kuichezea, na ana haki ya kuogopa: mhasibu anayefuta na kuandika upya juu ya orodha ya mwajiri amepoteza kitu cha kumwonyesha mkaguzi. Lakini safu mpya haifuti chochote. Ya asili inabaki kushoto, iliyosafishwa inakaa kulia, na fomula iliyo katikati yake inaeleza kila hatua bila kuhitaji shahidi.

Jina si ufunguo

Alama inayomtambulisha mhusika mmoja tu, na inayopatikana pande zote mbili, ndiyo ufunguo. Kishawishi cha kwanza ni kutumia jina, kwa kuwa jina lipo katika kila faili. Kiepuke. Mohamed anaandikwa Mohammed, Muhamed na Mohamedi. Mwajiri anaanza na jina la ukoo, chama kinaanza na jina la kwanza. Aliyeolewa amebadilisha jina benki lakini si kazini. Na hata majina yakiandikwa kwa usahihi kamili, katika chama chenye watu mia kadhaa hutakosa wawili wanaoitwa vilevile majina yote matatu. Fomula itakayotafuta kwa jina itamkuta wa kwanza na kumpa hesabu ya wote wawili, bila kutoa onyo lolote.

Tafuta namba. Mtumishi wa umma Tanzania ana cheki namba katika orodha ya mishahara. Mwanachama ana namba ya uanachama. Mlipaji kwa simu ana namba ya simu. Mzigo una namba ya ankara. Tatizo ni kwamba mara nyingi namba hizo hazikutani: mwajiri haijui namba ya uanachama, na daftari la chama halikuwahi kuandika cheki namba. Hapo ndipo unapotengeneza jedwali la daraja, yaani laha yenye safu chache tu: namba ya uanachama, cheki namba, namba ya simu, namba ya akaunti. Mstari mmoja kwa mtu mmoja. Kulijaza mara ya kwanza ni kazi ya mikono na inaweza kula siku mbili, kwa sababu itabidi majina yanayogongana yaulizwe kwa wenyewe. Lakini kazi hiyo hufanywa mara moja. Kila mwezi unaofuata utaongeza wapya wachache tu, na daraja hilo litakuwa mali ya ofisi yenye thamani kuliko fomula yoyote.

Pale ambapo mtu mmoja ana mistari mingi kwa haki, kama malipo ya miezi 12, ufunguo wa mtu pekee hautoshi. Unganisha mtu na mwezi. Kama namba iko katika safu A na tarehe katika safu B, fomula =A2&"|"&TEXT(B2,"yyyymm") itakupa kitu kama 0147|202503, yaani mwanachama 0147, Machi 2025. Alama hiyo ya mstari katikati ina kazi yake: bila hiyo, namba 14 ikifuatwa na 7 na namba 1 ikifuatwa na 47 zote zingekuwa 147.

Ukishapata ufunguo, upime kabla ya kuutumia. Katika safu ya pembeni andika =COUNTIF(A:A,A2) na uishushe hadi mwisho. Penye 1, ufunguo uko peke yake. Penye 2 au zaidi, kuna jambo: ama mtu ameingizwa mara mbili, ama amelipa mara mbili, ama namba imekosewa. Usiendelee mbele mpaka kila 2 iwe na maelezo. Hatua hii ndogo ndiyo ingemkamata yule aliyekatwa 50,000 mara mbili ambaye jumla ilimficha.

Excel inapokusaidia bila kuombwa

Watu wengi hufika hapa, wanaandika fomula ya kutafuta, na nusu ya orodha inarudi na #N/A ilhali kwa macho namba zinafanana kabisa. Fomula haijakosea. Namba hizo si sawa, na sababu huwa chache zinazojulikana. Ya kwanza ni nafasi tupu iliyojificha mwishoni. Andika =LEN(A2) pembeni: kama namba ina tarakimu tano na LEN inasema sita, umemkamata mwizi. TRIM huondoa nafasi za kawaida, lakini nafasi iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa mtandao mara nyingi ni ya aina nyingine, ambayo TRIM haiigusi. Dawa yake ni =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")).

Sababu ya pili ni namba iliyoandikwa kama maandishi upande mmoja na kama tarakimu upande wa pili. Utaitambua kwa jicho: kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, tarakimu hukaa kulia ndani ya seli na maandishi hukaa kushoto. Kwa ufunguo, chagua maandishi pande zote, hata kama ni namba tupu, kwa kuwa hutaijumlisha namba ya mtu na mwenzake. Namba za simu zinaonyesha faida ya uamuzi huu. Faili moja linaanza na +255, jingine na 255 bila alama, la tatu na sifuri, la nne limepoteza sifuri kwa sababu Excel huiondoa sifuri ya mwanzo inapodhani inasoma tarakimu. Zote nne zinakubaliana katika tarakimu tisa za mwisho, na ndivyo ilivyo pia kwa namba za simu za mkononi za Kenya zinazoanza na +254. Basi =RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9) inazirudisha zote kwenye umbo moja kwa hatua moja.

Sababu ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa haitoi #N/A wala onyo. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Kuanzia ya 16, inaweka sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ikiandikwa na vistari vyake, Excel huiona kuwa maandishi na inasalimika. Ikiandikwa bila vistari katika seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho zinafutwa palepale, na ukishahifadhi faili hakuna mpangilio wa seli utakaozirudisha. Zaidi ya hapo, COUNTIF na SUMIFS zina tabia ya kuyageuza maandishi yenye tarakimu tupu kuwa namba wakati wa kulinganisha, kwa hiyo watu wawili ambao tarakimu zao 15 za kwanza zinafanana watahesabiwa kuwa mtu mmoja hata kama seli zao zinaonyesha tarakimu zote 20. Kinga ni rahisi: tanguliza herufi, kwa fomula ="N"&A2, na Excel haitaweza tena kuiona kuwa namba. Na faili la CSV usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Lipitishie kwenye menyu ya Data, chaguo la From Text/CSV, uitangaze safu ya namba kuwa maandishi kabla haijaingia.

Tarehe nazo zina mtego wake. 03/04/2025 ni Aprili 3 kwa mwandishi wa Dodoma, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma Machi 4. Itakapofika 25/04/2025 itashindwa kupata mwezi wa 25 na kuiacha kama maandishi. Ukiona safu ya tarehe ambayo nusu imekaa kulia na nusu kushoto, usizisahihishe zile za kushoto tu. Za kushoto hazina neno. Zilizoharibika ni zile za kulia zinazoonekana nzuri.

Kama haya yanaonekana kuwa wasiwasi wa mtu mwenye muda mwingi, tazama yaliyowapata wenye wataalamu wengi kuliko ofisi yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Mark Ziemann na wenzake ulikuta kwamba karibu moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina yaliyoharibiwa, kwa sababu programu ilisoma jina kama SEPT1 ikadhani ni Septemba 1. Hatimaye kamati inayosimamia majina hayo iliona ni rahisi kubadilisha majina: mwaka 2020 SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Tangu 2023 Excel ya Microsoft 365 ina sehemu ya kuzima ugeuzaji huo, lakini mafaili yanayokufikia yametoka kwenye kompyuta za watu wengine, na huwezi kujua wao wamezima nini.

Nenda, kisha rudi

Ufunguo ukiwa safi, fomula ni nyepesi. Tuseme laha ya Chama ina ufunguo katika safu A na kiasi katika C, na laha ya Mwajiri vivyo hivyo. Katika laha ya Chama andika =XLOOKUP(A2,Mwajiri!A:A,Mwajiri!C:C,"Hayupo"). Kama Excel yako ni ya kabla ya toleo la 2021 na haina XLOOKUP, andika =VLOOKUP(A2,Mwajiri!A:C,3,FALSE), na neno FALSE usilisahau kamwe: bila hilo, VLOOKUP hukubali jibu la karibu badala ya jibu sahihi, na hukupa kiasi cha mtu mwingine kwa utulivu kabisa. Kama mtu ana mistari kadhaa kwa haki, fomula hizi mbili huchukua mstari wa kwanza tu; tumia =SUMIFS(Mwajiri!C:C,Mwajiri!A:A,A2) ili kujumlisha yote. SUMIFS nayo ina kilema: asiyekuwepo na aliyepo na kiasi cha sifuri wote wanapata 0, kwa hiyo uwepo upime kando kwa COUNTIF.

Sasa rudi. Fomula iliyoandikwa katika laha ya Chama inajibu swali la wanachama wetu tu: je, mwajiri amewakata? Haiwezi kumwona mtu aliyekatwa na mwajiri ilhali hayumo kabisa katika daftari letu, kwa kuwa mtu huyo hana mstari wa kuandikia fomula. Lazima fomula hiyo hiyo iandikwe pia katika laha ya Mwajiri ikitazama Chama. Hatua ya kurudi ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofichua fedha zisizo na mwenyewe: makato ya mtu aliyejitoa, ya aliyehama kituo, ya aliyekosewa namba.

Ukienda na kurudi utabaki na mafungu matatu: waliopo kwetu tu, waliopo kwao tu, na waliopo kotekote lakini kwa kiasi tofauti. Kwa fungu la tatu usitumie alama ya sawasawa peke yake. Mkopo wa 500,000 ukigawanywa kwa miezi 12 ni 41,666.67, faili moja limehifadhi desimali zote, jingine limeandika 41,667, na yote mawili yanaonyesha 41,667 kwenye kioo. =ROUND(C2-D2,0) itaondoa kelele za senti na kukuachia tofauti zenye maana.

Kisha funga hesabu, kwa sababu hapa ndipo jumla inapopata kazi yake halali. Tuseme daftari la chama lina wanachama 212 na jumla ya 10,600,000, na orodha ya mwajiri ina watu 209 na jumla ya 10,480,000. Fungu la kwanza lina watu 5 wenye 250,000. La pili lina watu 2 wenye 100,000. Toa 5 kwenye 212 upate 207. Toa 2 kwenye 209 upate 207. Idadi imefungana. Katika hao 207, watatu wametofautiana: mmoja mwajiri amemkata 50,000 zaidi, mwingine 30,000 pungufu, wa tatu 10,000 zaidi, ambazo kwa ujumla ni 30,000 zaidi. Sasa anza na 10,600,000, toa 250,000, ongeza 100,000, ongeza 30,000: 10,480,000, jumla ya mwajiri hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya 120,000 iliyoonekana mwanzoni imegeuka kuwa watu kumi unaoweza kuwataja. Kama hesabu hiyo isingefunga, ungejua kwamba kuna mstari umekuponyoka, hata kama kila fomula inaonekana nzuri.

Kuhesabu mistari kabla na baada ya kila hatua si pambo. Mwaka 2020, katikati ya korona, shirika la afya ya umma la England lilijikuta limeacha nje ya takwimu majibu 15,841 ya watu waliokutwa na virusi kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na taarifa zao zikachelewa kuwafikia waliopaswa kuwatafuta waliokaribiana nao. Data ilikuwa imepitishwa katika faili la Excel la muundo wa zamani wa xls, ambalo laha yake hubeba mistari 65,536 tu. Muundo wa xlsx hubeba 1,048,576. Iliyozidi ilibaki mlangoni, na hakuna kengele iliyolia. Mtu mmoja mwenye namba mbili kwenye karatasi, mistari iliyoingia na iliyotoka, angeliona pengo siku ya kwanza.

Mafaili yakiwa kumi na mawili

Ukiwa na matawi sita au miezi 12, usirudie fomula mara 12. Yaweke mafaili yote moja juu ya jingine kwanza, yawe orodha moja ndefu yenye safu ya ziada inayosema kila mstari umetoka faili gani. Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu 2016, hufanya hivyo yenyewe: menyu ya Data, Get Data, From File, From Folder, kisha unaionyesha folda. Inaunganisha mafaili yote yaliyomo na kuandika jina la kila faili katika safu ya Source.Name. Inachodai ni nidhamu: vichwa vya safu viwe vilevile katika kila faili. Tawi moja likiandika "Kiasi" na jingine "Kiasi Tsh", zitakuwa safu mbili au moja itapotea. Wape matawi kiolezo kimoja na ukatae faili lisilokifuata.

Power Query pia ina amri ya Merge, inayolinganisha orodha mbili bila fomula. Chaguo la Left Anti linakupa waliopo upande wa kwanza tu, Right Anti waliopo upande wa pili tu, Inner waliopo kotekote, ambao kati yao utachuja wenye kiasi tofauti: mafungu yako matatu kwa majina mengine. Mwezi ujao unaweka mafaili mapya katika folda, unabofya Refresh, na hatua zote zinajirudia. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, Power Query hutofautisha herufi kubwa na ndogo, jambo ambalo VLOOKUP haifanyi, kwa hiyo ab12 na AB12 kwake ni vitu viwili. Pili, mara nyingi huongeza yenyewe hatua ya Changed Type inayogeuza namba ndefu kuwa tarakimu, na ile namba ya NIDA inaharibika tena; ifute hatua hiyo au uirekebishe iwe maandishi. Anayetumia Google Sheets atavuta data ya faili jingine kwa IMPORTRANGE na kuendelea na fomula zilezile za hapo juu.

Wanaosema haihitajiki

Pingamizi la kwanza ni la mwenye faili dogo: watu 60 tu, jicho linatosha. Ni kweli kwamba mistari 60 inaweza kusomwa. Lakini jicho linalosoma mistari 60 kwa mara ya tatu limekwisha kuizoea, na kilichozoeleka hakisomwi tena, hukisiwa tu. Pia jicho haliachi kumbukumbu: mkaguzi akiuliza ulilinganishaje, "nilitazama" si jibu, na safu ya fomula ni jibu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: siku hizi kuna akili unde, ipe mafaili ikulinganishie. Msaada upo, hasa wa kuandika fomula usiyoikumbuka. Ila ufunguo bado utauchagua wewe, kwa kuwa programu haijui kwamba huyu aliyeandikwa kwa jina la mume ndiye yule wa mwaka jana. Na mafaili haya yana mishahara, madeni na namba za vitambulisho vya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Kuyapandisha mafaili ya wanachama katika tovuti yoyote inayojitolea kulinganisha bure ni jambo la kuulizwa bodi kwanza. Ukihitaji fomula, omba fomula kwa mfano wa mistari miwili ya kubuni, na data ibaki nyumbani.

Pingamizi la tatu ndilo zito: siku mbili za kutengeneza daraja, kusafisha na kupima ni muda ambao ofisi ya mtu mmoja haina. Jibu lake liko katika kalenda. Anayelinganisha kwa macho analipa muda uleule kila mwezi, na mwezi wa Desemba analipa zaidi. Anayejenga ufunguo analipa mwezi wa kwanza, halafu anabaki na kazi ya kuongeza wanachama wapya na kubofya. Ikiwa data itakuja mara moja tu na haitarudi, basi ruka Power Query, tumia XLOOKUP ukamalize. Lakini makato ya mishahara yatarudi mwezi ujao, na mwezi baada ya huo.

Mwisho wa yote, elewa mpaka wa kazi hii. Kulinganisha hukuonyesha kwamba mafaili mawili yamehitilafiana. Hakukuambii lipi lina haki. Yule wa 30,000 pungufu huenda alibadilisha kiwango chake kwa barua ambayo chama hakikuiingiza, na huenda mwajiri ndiye aliyekosea. Kwa hiyo orodha ya watu kumi usiisahihishe ukiwa umekaa. Ipe safu tatu za ziada, sababu, nani amethibitisha na tarehe, kisha uinue simu. Kila sababu ikipatikana, irudishe nyumbani kwake: namba iliyokosewa iende kwenye jedwali la daraja, aliyejitoa aondolewe kwa barua, aliyekatwa mara mbili arudishiwe fedha. Mwezi ujao orodha hiyo itakuwa na majina machache zaidi, na yule aliyesahaulika kukatwa 50,000 atakuwa amejulikana kabla hajafika dirishani kuomba mkopo.